Mdomo wa Otsune

Otsune alikuwa mshonaji wa kimono katika kiwanda cha filamu mjini Kyoto. Mumewe, Torakichi, alikuwa seremala hapo hapo. Enzi hizo nafasi za wanawake ziliigizwa na wanaume. Kisha mtindo ukageuka, wakatakiwa wanawake wenyewe, na Otsune akatolewa kwenye sindano akawekwa mbele ya kamera.

Aliipenda kazi ile. Torakichi aliliona hilo kwenye mwendo wake tu, jioni wakirudi nyumbani.

Filamu hazikuwa na sauti. Ukumbini, kando ya pazia, alisimama msimulizi akiwasemea wote, mkubwa kwa mdogo. Aliyevuma ni Ransui. Watu walilipa kumsikia yeye. Picha ilikuwa nyongeza.

Filamu ya tatu, Otsune alikuwa mke aliyefiwa. Desturi ilikuwa mwigizaji achezeshe midomo sana, msimulizi apate pa kumwaga maneno. Otsune alipiga magoti, akamnyooshea maiti kola ya kimono, akanyamaza.

Ransui alipooneshwa picha alikuja juu.

"Dada, huo mdomo umeushona? Hapo mimi niseme nini?"

"Usiseme kitu, Mwalimu."

Mafundi wakacheka. Ransui hakucheka.

"Watanirushia mito ya kukalia. Wamelipa wasikie kilio."

Mwongozaji, Bwana Ogata, akamvuta Otsune pembeni. "Tunarudia. Fungua mdomo tu, hata ukitaja majina ya samaki. Ukikataa, Ransui haisimulii, na mimi namrudisha Kikunosuke kwenye nafasi za kike. Yule mwanamume analia vizuri."

Taa zikawashwa. Torakichi alikuwa nyuma ameshika ngazi, akiomba kimoyomoyo mdomo ufunguke. Otsune akapiga magoti. Akaigusa kola. Mdomo haukufunguka.

Aliambiwa avue wigi.

Njiani Torakichi alimuuliza, "Kwani ungepungukiwa nini, mke wangu?"

"Nilimwona mama siku aliyokufa baba. Hakusema neno mpaka wageni walipoondoka."

"Yule ni mama yako. Hii ni filamu."

"Basi na waicheze wao."

Akarudi kwenye kushona. Hakuitwa tena mbele ya kamera.

Kikunosuke alicheza, midomo ikaenda, Ransui akapata pa kusemea. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Otsune hakwenda kuitazama. Torakichi alikwenda peke yake, akalia pamoja na wengine, na maisha yao yote hakumwambia.