Punje Tisa za Rudraksha

Kamba ya sala ya Ba ilikatika asubuhi moja ya Februari, nikiwa nimepiga magoti namvalisha soksi. Nilisikia punje zikidondoka sakafuni, moja moja kwanza, halafu zote kwa mpigo. Ba akapiga kelele: "Usizikanyage, mwanangu! Tafadhali usizikanyage!" Nikatambaa chini ya kitanda, nyuma ya hita, mpaka jikoni ambako moja ilikuwa imejificha chini ya friji. Nilizitia zote kwenye mfuko wa plastiki, nikamwambia atulie, nitazitunga upya nyumbani kwangu na kesho atakuwa nazo.

Nilimwita Ba kwa sababu mwanawe alimwita hivyo. Kwa Kigujarati ni mama. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga, akaolewa Bujumbura, akaja kuzeekea Etterbeek, ghorofa ya tatu, peke yake. Mimi nami ni wa Tanga, Mwislamu, na kazi yangu hapa Brussels ni kwenda majumbani mwa wazee, kuwaogesha, kuwavalisha na kuhakikisha wamemeza vidonge vyao. Wazee wengine huniita madame, wengine hawaniiti kitu. Ba aliniita mwanangu tangu wiki ya kwanza, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha watoto wangu mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamefifia, akiona vivuli tu, lakini akili yake ilikuwa kali. Ukichelewa dakika tano alikuambia ni dakika tano, si nne wala sita.

Akili hiyo ndiyo aliyoiogopea. Dada yake mkubwa alikufa hawatambui watoto aliowazaa, na Ba alikuwa anajisikiliza kila siku kama mtu anayesikiliza paa wakati wa mvua. Siku moja, namkata kucha, alinishika mkono akasema: "Ukiniona nimeanza, niambie wewe. Usimwachie daktari." Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi wakati ule.

Zile punje ni rudraksha, kokwa za mti wa kwao, ngumu, zenye makunyanzi, na Wahindu huzitumia kuhesabia jina la Mungu wao. Jioni ile nilikaa mezani kwangu na uzi wa nailoni. Nimetunga tasbihi tangu nina miaka saba. Bibi yangu alikuwa akiziuza, na vidole vyangu havikuhitaji kuniuliza. Thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu. Juu yake nikaweka ile kubwa, kama tunavyoweka imamu kwenye tasbihi, nikakaza fundo. Zikabaki tisa. Nikadhani ni za akiba, kama vifungo vya ziada vinavyoshonwa ndani ya shati. Nikazitia kwenye bahasha, bahasha nikaitupia kwenye droo ya vijiko. Sikujiuliza chochote. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nilikuwa na uhakika kabisa.

Ba alifurahi. Alisema uzi mpya unateleza vizuri. Na ulikuja wakati wake, maana wiki hiyo hiyo mwanawe alipiga simu kutoka Antwerp kusema moyo wake una kasoro na madaktari watampasua baada ya miezi miwili. Mwana huyo ni wa pekee. Ba hakulia. Aliniomba nimletee mabakuli mawili na pakiti ya dengu, akaweka nadhiri: raundi elfu moja mia mbili na hamsini za kamba yake kabla ya siku ya upasuaji. Kumi asubuhi, kumi jioni. Mkono wake wa kulia ulikaa ndani ya kimfuko cha kitambaa, kamba haionekani, kidole gumba kikisukuma punje juu ya kidole cha kati. Kila raundi ikiisha, dengu moja ilihama bakuli. Kijiti kimoja cha ubani kilimtosha raundi kumi na kikabaki kidogo, na hicho kilichobaki alikifurahia kama mtoto aliyewahi kumaliza hesabu zake.

Siku arobaini zilipita hivyo. Sijawahi kumwona mtu amejituma namna ile. Wakati mwingine nilimwonea wivu, mimi ninayeswali haraka haraka nikifikiria basi.

Ndipo akanituma Chaussée de Wavre kumtafutia mwanawe punje moja ya kuvaa shingoni. Alitaka yenye nyuso nane, ya kuondoa vizuizi. Alinifundisha kuitambua: kila uso unatenganishwa na mstari, mstari lazima utoke tundu la juu ufike tundu la chini bila kukatika, na usiwe safi mno, kwa sababu mti hauchongi. Wako wanaoongeza mistari kwa kisu ili punje ya kawaida ionekane adimu. Nilisitasita kidogo. Kwetu mtu huulizwa anafanya nini na vitu vya namna hiyo. Nikajiambia ninamnunulia mgonjwa, basi, na Mungu anajua nia.

Duka lenyewe liko baada ya maduka ya vitenge, ukitokea Porte de Namur. Maman mwenye duka ni Mkongomani. Anauza mishumaa, rozari, mafuta, ubani, na kwenye trei ya kioo, rudraksha. Nilimwambia nataka moja ya mtu anayengoja kupasuliwa moyo, nimetumwa na mama yake.

"Opération ya roho? Pole, maman," alisema, akavuta trei, akawa anazigusa moja moja: ya nyuso tano, nane, tisa, tatu, mbili. "Bon. Hii ya cinq faces ni ya batu bote. Ni ya tension, ni ya kutuliza mawazo. Bengine banaiweka mu mayi, asubui banakunywa ile mayi. Hii ya huit ni ya kufungua njia. Ya neuf ni ya nguvu, muntu haogope tena. Ya trois inachoma makosa ya zamani. Na hii ya deux ni ya mapendo mu nyumba. Uko na lazima nayo?"

Nilimwambia nimeolewa miaka ishirini na sita, dawa hiyo imechelewa. Akacheka mpaka akashika meza.

Nikachukua ile ya nane nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Mistari saba ilikuwa myeusi kwa uchafu wa miaka. Wa nane ulikuwa mweupe, umenyooka, umechongwa juzi. Nikamwonyesha. Akaitazama, akainua mabega. "Maman, miye nauzisha tu. Sikuitengeneza." Sikumkasirikia. Nilimpigia Ba simu pale pale, akafikiri kidogo, akasema nichukue ya tano. "Tano ni ya kila mtu," alisema. "Haimdhuru mtu yeyote." Nikachagua moja iliyojaa, mistari mitano isiyo na shaka, na kwa mara ya kwanza nikajiona mjuzi.

Wakati ananifungia, maman akauliza: "Na mama yake iko na chapelet? Niko na za mupya. Cent huit na ile ya kichwa."

"Kamba zote zina mia na nane?"

"Cent huit, toujours. Juu ya nini, ulionaka ingine?"

Nilitoka dukani nimesahau hata kuaga. Nilitembea Chaussée de Wavre yote kwa miguu mpaka Etterbeek, nikizidisha na kutoa kichwani, na kila hesabu ilinirudisha kwenye droo ya vijiko.

Kesho yake nilimuuliza Ba kwa ujanja, kama mtu anayependa tu kujua, kwa nini ni mia na nane. Alifurahi kuulizwa. "Mia ni za Mungu," alisema. "Nane ni za makosa ya ulimi, ukiteleza au ukisinzia. Kwa hiyo kila raundi tunaihesabu mia tu." Nilikuwa nimemnyang'anya zote za makosa, na moja ya Mungu. Raundi mia nane alizokwisha kusoma hazikuwa na hata moja iliyotimia. Na upasuaji ulikuwa umebakiza wiki tatu na ushei. Akianza upya hawezi kumaliza.

Ningemwambia pale pale. Najiambia nilimhurumia, na kidogo ni kweli, lakini zaidi niliogopa. Niliogopa uso wake. Niliogopa pia mwanawe, na ofisi iliyonituma, na kuitwa mtu asiyejua kuhesabu. Alipolala mchana nilitoa bahasha mkobani, nikakaa jikoni kwake, nikafungua fundo na kuzirudisha zote tisa. Alipoamka nikamwambia fundo lilikuwa limelegea nimelikaza. Angalau zilizobaki zitakuwa kamili, nilifikiri.

Asubuhi ya tatu nilimkuta kitini, mkono ndani ya kimfuko, hausogei.

"Ubani umezimika," alisema. "Na mimi sijamaliza raundi ya kumi."

"Labda ubani wa pakiti hii ni mfupi, Ba."

"Ni pakiti ile ile. Jana jioni ilikuwa hivi hivi, na juzi." Akageuza uso upande wangu. "Kamba inakuwa ndefu. Ulipokaza fundo, uliongeza kitu?"

Aliniuliza waziwazi. Hakuna swali lililowahi kunifungulia mlango mpana kama lile. Nikasema: "Hapana, Ba. Ni ile ile. Labda unarudia punje. Labda unasahau ulipofika."

Alitoa mkono kwenye kimfuko, akauweka mapajani. "Nasahau," alisema hatimaye, polepole, kama anayejifunza neno.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo. Na aliyeitembea ni yeye, siku baada ya siku. Alianza kuniomba nihesabu dengu baada yake. Akawa anagusa jiko mara tatu kuhakikisha limezimwa. Siku moja aliniuliza kama leo ni Jumanne, na ilikuwa Jumanne, lakini zamani asingeuliza. Kisha asubuhi moja nikakuta kimfuko kimening'inizwa kwenye kitasa cha dirisha, na mabakuli yameoshwa. Alikuwa ameacha. Alisema sala isiyo na hesabu si nadhiri, na yeye hana tena hesabu. Jioni mwanawe alinipigia. Alisema mama amemlilia kwenye simu, na yeye akishapona atampeleka kwa daktari wa kumbukumbu. Akanishukuru kwa kumtunza.

Sikuweza tena. Kesho yake nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia yote: bibi yangu, thelathini na tatu tatu, bahasha, jikoni kwake, uongo wangu. Nililia bila aibu. Ba alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake kichwani mwangu.

"Zilikuwa tisini na tisa?" aliuliza.

"Ndiyo, Ba."

"Basi zilete tuhesabu."

Tukahesabu pamoja, kwa sauti. Zilikuwa mia na nane, na ile kubwa.

"Nilizirudisha," nikasema. "Nimekwambia nilizirudisha!"

"Sawa, mwanangu." Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile nililozoea kuwapa wazee wangu wengine wanaponiambia waume zao watarudi kula chakula cha mchana. "Nilikuomba uniambie nikianza, ukaniambia. Sasa umeniona nina huzuni, unataka kuifuta kauli yako. Mtu akikupenda hufanya hivyo."

Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilitaka kumtikisa mabega.

Upasuaji ulikwenda salama. Mwanawe aliivaa ile ya nyuso tano mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, wauguzi wakaivua, na alipozinduka wakamrudishia. Ba alicheka, akagawa peremende kwa majirani wa ghorofa zote. Lakini hakusema hata mara moja kuwa sala zake zimesaidia. Alisema madaktari wa Ubelgiji ni hodari.

Mwezi wa sita tulikwenda kwa daktari wa kumbukumbu, mimi na yeye, kwa sababu mwanawe bado alikuwa hasafiri. Daktari alimwambia ahesabu kutoka mia kurudi nyuma, kila mara akitoa saba. Tisini na tatu, akasema. Themanini na sita. Akasimama. Mwanamke aliyenikosoa dakika tano alisimama hapo, akasema hawezi, anarudia rudia. Nikaingilia. Kwa Kifaransa changu cha kazini nikamweleza daktari habari yote ya kamba, nikichora duara mezani kwa kidole, tisini na tisa, mia na nane. Daktari aliniangalia kwa adabu, kalamu imesimama. Ba, ambaye Kifaransa chake ni bora kuliko changu, alinigusa goti, akamwambia asinikatalie sana, kwamba nina moyo mzuri na jambo hili limeniumiza kuliko yeye.

Daktari akaandika kitu. Akamuuliza kama asubuhi ile alikuwa amekunywa chai.

Ba akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akanigeukia, akaniuliza mimi.

"Umekunywa, Ba," nikasema. "Vikombe viwili."

"Ukisema wewe," akajibu, "nakubali."