Mlango wa Mama Yake Berivan

Siku moja ya gulio pale Mkuyuni sijaisahau, mwanangu, na sitaisahau mpaka mniweke chini. Nilikuwa msichana mbichi, nimebatizwa Jumapili iliyotangulia, na vijana wa kwaya wakaona furaha yao haienei kanisani. Wakanitembeza sokoni kwa ngoma, nimevaa gauni jeupe la kuazima linalonibana kwapani, wanaimba jina langu jipya, Paulina. Katikati ya mafungu ya magimbi alikuwa amekaa mama yangu, Mwislamu, aliyenizaa na kuniita Mwanaidi.

Hakunitukana. Alijifunika kanga usoni, akakusanya magimbi yake ambayo hayajanunuliwa, akajitwika, akapanda mlima. Wanawake wenzake wakamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha wakanitazama mimi.

Nakuambia haya wewe Upendo, mjukuu wangu, na wenzako wote mnaofanya kazi ya Mungu kwa watoto wa watu. Kwanza nijivune kidogo, nina haki. Hapa Mwembesongo hakuna asiyejua kwamba mjukuu wangu yuko Hamburg, Ujerumani, anasomea uuguzi, na Jumamosi anakaa na vijana wa Kikurdi kwenye ukumbi wa kanisa, anawafundisha nyimbo na kuwapikia pilau. Muuza mkaa namwambia. Hata asiyeuliza namwambia. Uliponieleza kuwa Wakurdi ni watu wa milimani, wengi wao Waislamu, waliokimbia vita, nikasema basi hao ni majirani zetu, wamekosea njia tu.

Lakini juzi ulinipigia simu unacheka.

"Shikamoo bibi. Yule rafiki yangu Berivan amebatizwa, tena mtoni, watu wamejaa. Mama yake kaona picha, kamfukuza, lakini usijali, anakaa kwangu. Sasa ni mmoja wetu."

"Picha kaziona wapi?"

"Kwenye simu, bibi. Tulizirusha."

Ukadhani mtandao umekatika, ukaniuliza kama niko hewani. Nilikuwa hewani. Nilikuwa Mkuyuni.

Sikiliza. Kiongozi wetu wa vijana wakati ule aliitwa Fulgensi, mwalimu mgeni, kijana mwema, na kwao ukoo ni wa baba. Nilipolia kwamba mama kanifungia mlango, alinituliza: "Usilie dada, umepata Baba wa mbinguni." Maneno ya kweli, siyakatai hata leo. Ila sisi Waluguru hatuhesabiwi kwa baba. Ukoo, wenyewe tunaita lukolo, unashuka kwa mama. Shamba la kwa mama, kaburi la kwa mama. Aliyekatwa na mama yake ni jani lililoangukia mtoni, linakwenda tu. Mwenzangu ananipa baba, mimi nimepoteza mama. Na mjomba, mwangalizi wa ardhi ya ukoo, alikwishasema migomba yangu apewe binti mwingine.

Nikawa nalala kwa katekista, nyuma ya magunia ya mahindi. Mke wake, Mama Agnesi, hakuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa kama mlango usiopakwa mafuta. Siku moja vijana wamekaa barazani wanapanga kumtembeza msichana mwingine, akatoka na ungo wake mkononi.

"Huyu wa kwanza mlimchukua kwa mama yake. Nani kati yenu amekwenda kumsalimu huyo mama?"

"Mama, yule ametukataa," akasema Fulgensi.

"Hajawakataa. Hajawaona. Mwizi wa kuku haendi kupiga hodi kwa mwenye kuku."

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyekwenda. Alikwenda yeye, kabeba chumvi, maana mkono mtupu haulambwi. Mama yangu akammwagia maji ya vyombo miguuni. Akarudi kalowa, akaniambia, "Mama yako hajambo, mikono yake ina nguvu." Kisha akaenda tena. Akaenda siku ya Idi, akaenda wakati wa kuvuna maharage, akaenda mama alipougua mguu. Dini hakuitaja. Alisema tu, "Nimekuja kumwona mama wa mwanangu." Ilifika wakati mama akamsogezea kigoda, wakawa wanapukuchua maharage bila kusemezana.

Na ile kwaya? Ngoma ikivuma sana hupasuka. Fulgensi akahamishwa, wengine wakaolewa, wengine Dar. Waliobaki wakanizoea, na mtu akishazoeleka haimbiwi tena.

Mama alipozidiwa, alimtuma Mama Agnesi aniite. Mvua ilikuwa imeporomosha njia, tukazungukia mbali. Tulipofika juu nikasikia vilio. Mama mdogo akasimama mlangoni akaniambia taratibu, "Wa dini nyingine hamwoshi." Hakunichukia; ndiyo sheria yao. Nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Ukuta ulikuwa wa udongo, una nyufa. Nikayasikia maji wanayommwagia mama yangu, kata kwa kata, mpaka yakaisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Na wa mzazi je? Muulize aliyekaa nyuma ya jiko.

Kwenye matanga mjomba akaleta neno la migomba. Mama Agnesi akaomba ruhusa, mwanamke mgeni, Mkristo, mbele ya ukoo wa watu. Akasema, "Marehemu aliniambia, Mwanaidi nilimzaa mimi, hakuna wa kumtoa tumboni mwangu. Migomba ni yake." Mama mdogo akainua kichwa: "Na mimi nilikuwepo." Mjomba akatazama chini. Walimwamini kwa sababu wote walikuwa wamemwona akipanda mlima ule, mara kwa mara, na maji ya vyombo miguuni.

Mama yako nilimzaa mimi, Upendo, na wewe kakuzaa yeye. Una lukolo, una pa kuzikwa, kwa sababu mwanamke mmoja alikubali kumwagiwa maji. Kwaya haikukupa hicho.

Kwa hiyo usiniambie Berivan ni mmoja wenu. Ni wa mama yake kwanza. Mama huyo yuko hapo hapo mjini, kakimbia vita kamshika mtoto mkono, na sasa anakunywa chai peke yake. Futeni zile picha, ingawa zimekwishaonekana. Kisha nenda kwake, usiende na kiongozi wala gitaa, nenda na sukari. Utafukuzwa. Nenda tena. Usihubiri mlangoni, akikuuliza jibu, asipouliza akuone tu. Umwambie umekuja kumwona mama wa rafiki yako. Huenda asifungue, sikufichi. Wapo wasiofungua. Wangu mimi alinifungulia nimechelewa.

Na usichoke kumtazama Berivan siku nyimbo zitakapokwisha. Hapo ndipo kazi inaanza, mwanangu, na haina ngoma.

Mungu wa milima yetu na ya kwao akupe miguu ya kurudi ulikofukuzwa, na viatu vya baridi hiyo. Akulinde usiwe mwizi wa mtoto wa mtu kwa jina Lake. Na huyo binti, amjalie afike kwa mama yake angali anapumua.