Mkono Ambao Ndirangu Hakuupokea

Usiniite mwongo kabla sijamaliza. Haya sikusimuliwa. Nilikuwa ndani ya hiyo pikapu, na kovu la paji la uso bado ninalo.

Ilikuwa jioni, tumetoka Othaya na kabeji za kupeleka Ruring'u. Aliyeendesha ni Ndirangu, ndugu yangu mdogo. Jumamosi iliyofuata tulikuwa twende kwa kina Wangari kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa hivyo simu haikumtoka mkononi: mkono mmoja kwenye usukani, kidole gumba cha mwingine kikimwandikia mchumba. Nikimkanya, ananiambia barabara hii anaijua kuliko kitanda chake. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai.

Penye kona moja alisimama ajuza mwenye kiondo. Huku kwetu mzee hapitwi barabarani, hata uwe na haraka gani. Ndirangu akasimamisha gari, nikasogea katikati, ajuza akaketi mlangoni. Tulipoondoka tu akanyoosha mkono mbele ya kifua changu amsalimie dereva.

Mnajua mkono wa ajuza, shosho tunavyomwita, ni baraka, si salamu tu. Lakini Ndirangu alikuwa anamjibu Wangari, hata hakugeuka. Mkono ukabaki hewani, na baridi yake, naapa, niliisikia kupitia sweta. Nikacheka kwa aibu, nikamwomba ajuza amsamehe, kijana ana harusi.

"Nimempatia mkono," akaniambia pole pole. "Ameniona?"

"Hajakuona, shosho."

"Basi huko anaangalia ndiko anapenda. Nitamwacha huko huko."

Akaurudisha mkono kiondoni. Nilipoinua uso, tulikuwa tayari tunakanyaga matawi yaliyotandazwa lamini, na kila dereva anajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika. Lilikuwa lori. Ndirangu alikuwa bado anaandika.

Kioo cha mbele kilimwingia machoni. Mlango wa abiria ulikunjamana hata haukufunguka, lakini kando yangu hapakuwa na mtu wala kiondo. Watu waliotutoa walisema tulikuwa wawili tu. Simu haikuwa na hata mkwaruzo.

Hospitalini walimtoa macho yote mawili. Simu niliiweka mezani kando ya kitanda chake, na yeye, bandeji zikiwa zimemfunika nusu ya uso, akaniuliza, "Hii dari iko na doa ya nini?" Nikatazama juu. Doa lilikuwapo. Nikaichukua simu nikaielekeza kwangu, akaniambia nimevaa sweta kinyume. Amini usiamini, nilikuwa nimeivaa kinyume.

Tangu siku hiyo anaona kile simu inachoona, basi. Ikiwa mfukoni, anaona kitambaa. Stima ikipotea na chaji ikaisha, hulia kama ndama, na mama hufunga mlango majirani wasisikie. Namhurumia, na kuna siku namchukia kabisa.

Wangari alikuja mara moja tu. Aliishika simu mbele ya uso wake, Ndirangu akamwambia amependeza. Akalia kidogo, kisha akailaza mezani kifudifudi ili asionwe akiondoka. Niliporudi kutoka kukamua ng'ombe, nilimkuta ndugu yangu bado anamwongelesha, anampangia nyumba watakayojenga. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hakuna mtu.

Sasa betri imeanza kuvimba. Fundi wa mjini Nyeri ameniambia akiifungua huenda isiwake tena, na asipoifungua itakufa yenyewe. Ndirangu hajui. Kila asubuhi ananishukuru kwa kuitia chaji, nami namjibu karibu.

Wewe unayeandika huku unaendesha, huyo ajuza hakuzikwa popote ninapojua. Bado anangoja gari kwenye ukungu. Akikupa mkono, upokee. Na kama simu ni tamu kuliko mkono wake, basi angalau chagua ile ambayo betri yake haivimbi.