Viatu Vyeupe vya Kipaimara

Juzi nilikatiza sokoni Tunduma, nikawakuta wauza mitumba wanafungua belo. Unaijua ile harufu, ya dawa na nguo zilizobanwa muda mrefu? Ilinishika pale pale, nikasimama katikati ya njia kama mgeni wa mji, bodaboda wananipigia honi nisogee. Nilimkumbuka bibi yangu.

Bibi alinilea kijijini Itaka, kwenye kahawa na mahindi, na sijapata kumwona mtu aliyependa kupendeza kama yeye. Hela hakuwa nayo. Nguo zetu zilikuwa salaula, ndivyo wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, wanavyoita mitumba, na sisi tukalizoea jina hilo. Belo likifunguliwa bibi hakukimbilia. Aliwaacha wenye pesa wagombanie, yeye akakaa pembeni na muhindi wake wa kuchoma mpaka jua liwachoshe wauzaji. "Mayo, njoo umalize mzigo," walimwita kwa heshima ya Kibemba, yaani mama, naye aliinuka taratibu kupekua masalia, akigeuza kila nguo ndani nje na kuinusa kwapani bila aibu.

Mwaka wangu wa kipaimara alirudi na shati jeupe la mwanamume mnene sana. Nililia. Baada ya siku chache lilikuwa gauni: vifungo vimehamia mgongoni, mikono imegeuka mkanda wenye fundo kubwa kiunoni, na wanga wa muhogo na pasi ya mkaa vimelifanya karibu lisimame lenyewe. Nikaacha kulia.

Tatizo likabaki viatu. Mzee wa kanisa alishatutangazia kwamba asiye na viatu vyeupe hatapita mbele na wenzake, atasubiri mwaka mwingine. Pesa ya kahawa ilikuwa imeisha tangu Krismasi, na mimi nilikuwa na viatu vya shule tu, vya kahawia. Bibi akachukua chokaa iliyobaki baada ya kupaka ukuta, akavipaka, akavianika, akavipaka tena. Viling'aa, nikaamini mambo yamekwisha.

Sasa, kwetu hakuna aliyetembea njia nzima na nguo za kanisani. Tope la njiani lingekuaibisha. Tulishuka kilima na kandambili na vitenge vya shamba, vitu vizuri vikiwa mfukoni, mpaka kwenye kijito kilicho chini ya kanisa. Hapo wanawake walinawa miguu na kuvaa, na hapo ndipo palipokuwa na uhondo: huyu anaazima kilemba, yule anatoa hereni, ili mtu asionekane na pambo la Jumapili iliyopita. Wawili tu hawakuazimana kitu hata siku moja, bibi na jirani yetu, bibi mwenzake mwembamba aliyejipenda vilevile. Walisalimiana vizuri kabisa, kisha kila mmoja akamkagua mwenzake kuanzia kichwani hadi kisigino.

Siku ya kipaimara mvua ilitukuta njiani. Bibi alipofungua mfuko wa viatu pale kijitoni, chokaa yote ilikuwa imejikusanya chini kama uji, na viatu vyangu vimerudi kahawia, vyenye mabaka. Nilikaa kwenye jiwe. Bibi alivifuta kwa pindo la kitenge, akavigeuza huku na huku, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono yake haijui ifanye nini. Wenzangu walikuwa wameanza kupanda. Kengele ikalia.

Jirani alikuwa ameshamaliza kuvaa. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, vya kisigino kifupi, na alikuwa amevitunza kwa ajili ya siku ile. Alitutazama, akainama, akavivua.

"Mguu wangu mdogo, mwenzangu. Vitamwenea huyu."

"Na wewe je?" bibi akauliza.

"Si nina kandambili?"

"Uingie kanisani na kandambili? Wewe?"

"Kwani mimi ndiye ninayepita mbele? Mvalishe mtoto, kengele hiyo."

Bibi alinivalisha, machozi yakimlengalenga. Kisha akavua viatu vyake mwenyewe, akavisokomeza mfukoni, akaingiza miguu kwenye kandambili zake zenye tope na kumshika jirani mkono. Nilipowekewa mkono kichwani na kugeuka kurudi, niliwaona benchi la mbele, wamekaa wima na vilemba vyao, na watu wote wanatazama miguu yao.

Siku hizi kijito kina daraja, na bodaboda anakushusha mlangoni mwa kanisa ukiwa umeshapendeza. Watoto wanavaa vizuri kuliko sisi, nami nafurahi kwa kweli. Ila hakuna tena mahali tunapoonana kabla hatujawa tayari, na mwenye shida ya viatu hubaki nyumbani Jumapili hiyo, wala hatujui.