Niliandika Kwamba Kwandu Hana Ndugu

Usijifanye hukuiona.

Picha ya mama aliyefungwa bandeji macho yote mawili ilifika kwenye grupu lenu Jumatatu iliyopita. Ukaweka viganja vya maombi. Ukapita.

Mimi sisahau. Mdogo wangu Shija alipougua mwaka 2016 mliweka viganja hivyo hivyo mpaka tukamzika.

Ndiyo maana safari hii nilijipanga. Na mama mwenyewe, niliyekuwa nampigania, akanifukuza kwake kwa fimbo.

Anaitwa Kwandu, mjane, analima pamba Zagayu. Mpira wa bomba la dawa ulichomoka akipulizia shamba, dawa ikamrukia machoni. Daktari wa Mwanza akasema jicho la kulia limekwenda. La kushoto lifanyiwe upasuaji kabla mwezi haujaisha, la sivyo nalo basi.

Nikakaa na Gloria, mwenye stesheneri pale stendi Bariadi. Tukapanga kisomi: Jumatatu picha, Jumatano video, Ijumaa shukrani. Kila kitu saa saba mchana, watu wakila huku simu mkononi.

Nikaandika: "Ametelekezwa. Hana ndugu hata mmoja."

Gloria akasita. "Kaka Joakim, umemuuliza lakini?"

"Ukiuliza kila kitu mchango haupandi. Hilo ndilo litawachoma. Rusha!"

Akarusha. Ikasambaa balaa, Itilima, Meatu, mpaka Dar.

Jumatano nikaenda Zagayu kuchukua video.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Nani? Joakim?" Akapapasa ukutani, akashika fimbo. "Toka! Asiye na ndugu ni mama yako!"

Nikadhani maumivu yamemchanganya. Jenifer, binti yake, ndiye aliyenipa ukweli.

Masunga, kaka yake Kwandu, Jumatatu ile ile alikuwa ametoka Kimali akiswaga ng'ombe wanne kwenda mnadani. Ukoo ulishakaa, ulishaamua: wauzwe, dada apelekwe Mwanza.

Mnadani jamaa mmoja akamsomea maneno yangu kwenye simu, kwa sauti.

"Masunga, si dada yako huyu? Mbona hana ndugu? Au hao ng'ombe unaenda kuongeza mke?"

Mnada mzima ukaangua kicheko.

Masunga akawageuza ng'ombe. Akarudi nao nyumbani.

Nilimfuata Kimali kwa bodaboda, nikapiga magoti kwenye vumbi la zizi lake. Hakunitukana.

"Umenitangaza kwa simu, halafu unaniomba radhi huku kwa ng'ombe? Walionicheka wasome kwanza kwamba ulidanganya. Wakisoma, ng'ombe wanatoka."

Zimebaki siku tisa. Mchango wenu haufiki hata nauli ya Mwanza.

Kabla hujamsemea mtu, kaa naye, muulize anataka asemweje. Mimi niliyewasema ninyi kwa kugeuza macho, sikumuuliza Kwandu neno moja.

Sasa nenda kwenye kila grupu ulikoiona ile picha. Weka hivi: Kwandu ana ndugu. Anaitwa Masunga wa Kimali, na ng'ombe wake walikuwa njiani. Joakim alidanganya.

Viganja sitaki. Rusha sasa hivi, kabla hujaiweka hiyo simu chini.