Watoto wakibaki shule hadi jioni, mdogo wao atabebwa na nani? Bibi yangu ana neno

Wakuu, habari zenu.

Anayebonyeza simu ni mimi Kabula, ila maneno si yangu. Ni ya bibi yangu, Bibi Minza, ninayekaa naye hapa Kambarage, Shinyanga mjini.

Jana nilikuwa namsomea ule uzi wenu wa kutaka shule ziwe zinafunga saa kumi na moja jioni ili sisi wazazi tunaofanya kazi tupumue. Mle ndani na mimi nilikomenti, naunga mkono kwa mikono miwili. Bibi akaniuliza swali moja, na leo amesema chukua hiyo simu uandike. Kuanzia hapa anaongea yeye. Nikiwa na langu nitaliweka kwenye mabano.

Haya, Bibi.

Naambiwa huku mnaitana wakuu. Sawa. Mimi nina miaka tisini na saba, kwa hiyo kabla hatujaanza kila anayesoma aniamkie hapo hapo alipo.

Marahaba.

Haya nitakayosema sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na mgongo wangu ulikuwepo. Ikiwa kuna mahali nitakosea ni kwa sababu ya umri, si uongo.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, kabla ya vita ya Hitla. Baba yangu alitoka kijijini kwetu, upande wa Kahama, akaenda Geita kwenye dhahabu. Mwaka uliofuata akatuita: mama, mimi, na mdogo wangu Mayunga ambaye alikuwa bado ananyonya.

Sasa nielezeni kitu kimoja, maana mimi mpaka leo sikielewi. Kijijini kwetu hakuna mama aliyewahi kuuliza nani atamshika mtoto. Unakwenda shambani unamwacha kwa bibi yake, kwa shangazi, kwa mke mwenzio. Ukirudi unamkuta ameshiba na amelala.

Pale kambini Geita hatukuwa na bibi wala shangazi. Kila mtu alikuwa mgeni. Mama akawa na watoto wawili na mikono miwili basi.

Na mama alikuwa na kazi. Wachimbaji wasio na wake walikuwa wanakula kwake. Alfajiri anachota maji, asubuhi anatwanga na Mayunga yuko mgongoni. Mchana akishawasha moto chini ya vyungu vikubwa, hapo hakutaka mtoto karibu kabisa. Alikuwa anamfungua, ananipa mimi.

Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa hivi. Asubuhi nasoma, mchana nambeba Mayunga mpaka jua linazama. Nilikuwa naona ni sawa tu.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba moja ya udongo, imeezekwa nyasi, ina mwalimu mmoja. Mwalimu Athumani, mtu wa Pangani, kanzu nyeupe na koti juu yake hata kwenye jua la saa saba. Saa sita anagonga chuma, tunatawanyika.

Wasichana tulikuwa sita, wavulana kumi na mmoja. Nilipenda kusoma jamani. Nilikuwa nimeshazijua herufi, a, e, i, o, u, mpaka ile yenye matumbo mawili, hiyo B. Ukinikuta njiani nimechuchumaa ujue naandika kwenye vumbi.

(Kabula: hapa Bibi amechora B hewani kwa kidole. Anaijua mpaka leo.)

Basi. Shida ilianzia kwa wavulana. Wakitoka shule saa sita, wazazi wako kazini, wao wanakwenda kwenye mashimo yaliyoachwa, eti wanatafuta dhahabu. Siku moja mtoto wa jirani yetu akatumbukia akavunjika mguu. Alipiga kelele mpaka watu wakaacha kazi.

Kesho yake kina mama wakakusanyika. Wakasema hawa watoto wabaki shuleni mpaka king'ora cha jioni, wazazi wanapotoka kazini.

Wakaenda kwa mwalimu. Lakini wao hawakujua Kiswahili, na Mwalimu Athumani hakujua Kisukuma zaidi ya ile salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Ikabidi apatikane mtu wa katikati.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Nilisimama kati ya mama yangu na mwalimu, mikono nyuma. Mama anasema kwa Kisukuma, mimi nageuza kwa Kiswahili. Nikasema, "Mwalimu, wazazi wanaomba utukalishe hadi jioni." Na niwaambie ukweli, nilisema kwa furaha. Nilidhani siku ikiwa ndefu na kusoma kutakuwa kwingi. Kwa nini nisidhani hivyo?

Mwalimu akafikiri kidogo, akasema sawa, ila walete unga tupikiwe uji wa mchana. Mama zetu wakapiga vigelegele palepale. Hata mimi nilipiga.

Hakuna mtu, wakuu, hakuna hata mmoja kati yetu aliyemkumbuka Mayunga.

Siku ya kwanza ya siku ndefu nilikula uji, nikaandika, nikahesabu. Nilirudi jioni nimejaa kama kikapu cha mavuno. Nikamkuta mama amekaa chini, ugali wa watu ishirini umeungua, na Mayunga kiganja chake kimefungwa kitambaa. Alikuwa ametambaa akashika kijinga cha moto.

Mama hakunigombeza. Aliniangalia tu, kama vile ananiuliza nilikuwa wapi, na wakati huo huo anajua nilikuwa wapi.

Asubuhi yake akachukua mbeleko, akanifunga Mayunga mgongoni, akasema, "Nenda naye, mayo," yaani mama, alivyozoea kuniita.

Nikaenda nimeinamisha kichwa kwa aibu. Kufika shuleni, nacheka mpaka leo! Wasichana wengine wanne nao wana watoto mgongoni. Na mvulana mmoja mrefu, mkali wa kupigana, naye amefungwa mtoto na mbeleko ya maua. Siku hiyo hakupigana na mtu.

Kina mama hawakuwa wamepanga. Kila mmoja aliamka kwake akaona la kufanya ni hilo.

Mwalimu Athumani akatoka mlangoni, akatuhesabu. Akahesabu tena. Akavua kofia, akaivaa. Alikuwa ameombwa akae na wanafunzi kumi na saba, sasa ana watu ishirini na watatu, sita hawajui hata kutembea.

Tulijaribu kusoma hivyo hivyo. Mmoja analia, mwingine anakula chaki, wa tatu amekojoa juu ya vibao vya kuandikia. Mwisho mwalimu akaagiza mkeka utandikwe nje, kwenye kivuli cha ukuta. Watoto wote wakae pale, na sisi tuliokuja nao tupokezane kuwaangalia, mmoja kila siku. Mpango mzuri kabisa, hata nyinyi mngeupitisha.

Tatizo ni Mayunga. Alikuwa hataki mkono wa mtu mwingine. Akishikwa na msichana mwingine analia, akilia yeye wanalia wote, na wakilia wote ndani hakusikiki kitu.

Basi mwalimu akasema, "Minza, hebu kaa nao leo."

Nikakaa.

Kesho yake sijui nani alipaswa kukaa. Mayunga akalia. Nikatoka kabla sijaambiwa.

Ikawa hivyo. Nawauliza nyie mliosoma, lini hasa nilitoka darasani? Sijui. Hakuna mtu aliyenifukuza. Jina langu mwalimu aliliita kila asubuhi, na mimi nikaitika "nipo" kutokea nje.

Niliendelea kusoma kwa masikio. Ukuta ulikuwa na tundu la dirisha juu ya kichwa changu. Wakisema, nasema nao. Nabembeleza mtoto huku nasema, napangusa kamasi huku nasema. Kitabu chao chote nilikimeza. Baba analima. Mama anatwanga. Kuku anakula mtama. Nilikuwa nawatangulia mpaka wenzangu waliokuwa ndani.

Mama zetu walikuwa na raha siku zile. Hakuna aliyetumbukia shimoni tena, hakuna aliyeungua. Wachimbaji walikula kwa wakati. Ungemuuliza mama yangu angekuambia siku ndefu ya shule ni baraka kutoka kwa Mungu. Na hangekuwa amedanganya.

Ikaja siku ya kupimwa, ya kuona nani apande darasa la pili. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu. Nilimpa mwenzangu mmoja ashike mkeka, nikamwambia Mayunga akilia mwache alie.

Nikaingia. Mwalimu akanipa kitabu, akanifungulia ukurasa wa kwanza. Nikasoma kwa sauti, sikukwama hata mara moja. Baba analima. Mama anatwanga. Kuku anakula mtama. Mwalimu akatabasamu, wenzangu wakapiga makofi.

Akafungua ukurasa mwingine, huko mbele.

Nikaushika vizuri. Nikasoma, "Baba analima. Mama anatwanga."

Darasa likacheka. Kumbe ule ulikuwa ukurasa wa mbuzi.

Mwalimu hakucheka. Alininyang'anya kitabu taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu mkononi. Akaninong'oneza, "Minza, tangu lini huingii ndani?"

Nikamwambia, "Tangu uliposema 'kaa nao leo'."

Alitoka nje. Kupitia lile tundu la dirisha nilimwona amesimama mbele ya ule mkeka, mikono imening'inia. Sijawahi kumwona mtu mzima amepotea namna ile mchana kweupe.

Jioni akaja kwetu, akaniambia nigeuze maneno yake kwa mama. Kwamba kuanzia kesho hataki kuona mtoto mchanga shuleni. Minza aje peke yake, akae mbele, atamfundisha yeye mwenyewe zile herufi zilizobaki. Nikageuza neno kwa neno. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakaa wapi pale mbele.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akamwangalia Mayunga, akaangalia vyungu vyake. Akasema kwa upole kabisa, tena kwa heshima, "Mwambie asante. Mwambie basi Minza atabaki nyumbani."

Na hilo nililigeuza mimi.

Shule yangu iliishia hapo, kwenye maneno niliyoyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Miaka yote hii natafuta mwenye kosa simpati. Mama? Alikuwa na moto na mtoto. Mwalimu? Alitupokea sote, hata wasiokuwa wake, halafu akajaribu kunirudisha. Baba alikuwa chini ya ardhi anachimba. Mayunga alikuwa mtoto, na nilimpenda. Nikiwa na hasira natafuta wa kumpa hiyo hasira, nazunguka, narudi nayo mwenyewe.

Mayunga alikuja kusoma, msione nimemsahau. Alisoma mpaka akawa karani. Barua zangu zote alinisomea yeye mpaka alipofariki. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma. Nikimsikiliza nilikuwa najisikia fahari, na wakati mwingine nilikuwa nataka kumfinya.

Sasa turudi kwenu.

Huyu Kabula anafanya kazi kwenye mashine ya mpunga. Anatoka jua halijachomoza, anarudi limezama. Mwanawe mkubwa, Neema, ana miaka tisa, anatoka shule saa nane mchana. Mdogo, Shija, ndiyo kwanza anasimama dede. Anaachwa na mimi.

Jana aliponisomea uzi wenu nilimuuliza swali moja tu. Mikono yangu hii haiwezi tena kumnyanyua Shija. Mpaka saa nane namwimbia tu hapo kwenye mkeka, nimemzuia na mguu. Baada ya saa nane, nani anambeba?

(Kabula hapa. Ni Neema. Akifika tu anatua begi, ananawa, anambeba mdogo wake mpaka nirudi. Wakuu, wallahi nilipounga mkono sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nawaza Neema atakuwa salama shuleni.)

Jana naye alinijibu hivyo hivyo. Mimi simlaumu, na sisi tulipiga vigelegele.

Mnasema mwisho wa uzi huwa kuna somo. Sina somo lililonyooka. Mkiniuliza kama siku ya shule irefushwe, nitasema ndiyo, irefushwe, Neema asome mpaka macho yachoke. Mkiniuliza tena baada ya dakika moja nitasema hapana, kwanza nionyesheni mtu mzima atakayemshika Shija. Anayelipwa, tena awe hapo hapo shuleni, na mkeka wake. Asiwe mtoto aliyeambiwa "kaa nao leo tu". Mkilijibu hilo, mimi niko upande wenu. Msipolijibu, sijui niko wapi.

Semeni na nyinyi. Kwenu nani anabeba mdogo mchana? Na mwenye kujua kosa lilikuwa la nani kule Geita aniambie, nimechoka kuzunguka. Majibu yenu nitasomewa, ila msiandike marefu, Kabula anaamka mapema.

Nimemwambia anisomee yote niliyosema kabla hajatuma. Amenisomea. Anasema ni hivyo hivyo, neno kwa neno, hajaongeza wala hajapunguza.

Nami nimemwamini. Ningefanyaje?