Karamu ya Utemini

Mwaka ule Singida mjini watu walikubaliana kusoma kitabu kimoja. Ilikuwa hadithi ya binti anayetembea kwa miguu kumtafuta baba yake. Kila mtaa ulipewa nakala moja tu, isomwe kwa sauti Jumatano alasiri, sura moja kwa wiki. Basi upepo ulipovuma kutoka ziwani siku hiyo, ungedhani ni binti mwenyewe anapita, maana kila baraza lilikuwa naye, na kote alikuwa amefika pale pale.

Katika mtaa wa Utemini kitabu kiliwekwa kwa Asnath, fundi cherehani, kwa sababu baraza lake lilikuwa pana. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Shule aliiachia darasa la nne, kule Ikungi, alipopelekwa kuchunga ng'ombe wa mjomba, na tangu hapo alichosoma kwa sauti ni vipimo vya viuno na mabega ya watu. Msomaji alipaswa kuwa Mwalimu Chediel, mstaafu. Lakini Jumatano ya kwanza Mwalimu alikuwa msibani Manyoni, Asnath akafungua kitabu, na hakukiachia tena. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kama mkasi unaofuata chaki. Watu walifumba macho wakamsikiliza. Alichoogopa ni kimoja: kwamba siku moja wangemwambia, mama, asante, sasa mpe anayejua.

Sura ya saba ilikuwa na maneno haya: *Baba hakuniachia shamba wala ng'ombe. Aliniachia kalamu.* Katika ulimi wa Asnath, uliolelewa kwa Kinyaturu, l na r walikuwa mapacha wanaoazimana nguo. Akasoma, "Aliniachia karamu."

Wote waliiona: mikeka imetandikwa mbugani, masufuria yanatoa mvuke, hakuna mtu, na chakula hakipoi kwa sababu kinamngoja mmoja. Wiki nzima mtaa uliishi humo. Alute, mkamuaji wa alizeti, aliapa kwamba palikuwa na ugali wa mtama na mlenda. Belinda, muuza vitunguu, alisema hapana, ile ilikuwa harusi ya binti, baba alijua hataiona, akaipika mapema.

Jumatatu Belinda alirudi kutoka sokoni amenuna.

"Mama, watu wa mitaa mingine wananicheka. Wanasema ni kalamu. Ya kuandikia."

"Kalamu?"

"Wameniuliza, nyie wa Utemini mnasoma au mnapakua?"

Asnath alifungua ukurasa. L ilikuwa imesimama pale, nyembamba, wala haikujificha.

Jumatano Mwalimu Chediel alikuja, akaketi nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Endeleeni."

Angeweza kuanza sura ya nane na kupita kimya. Asnath alibaki na kitabu mapajani.

"Wiki iliyopita nilikosea," alisema. "Sio karamu. Ni kalamu."

"Na sisi tulioshiba je?" Alute akauliza, na watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na huzuni kidogo, kama cha watu walioamshwa.

Asnath aliinuka, akampelekea Mwalimu kitabu kwa mikono miwili. Hakusubiri kuombwa. Chediel alivaa miwani, akasoma sura ya nane. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Alisoma upesi, kama anayetangaza matokeo ya mtihani. Binti akavuka mto, akapanda kilima, akalala, akaamka, yote kabla Belinda hajamaliza kukunja kanga yake.

"Mwalimu," Alute akasema kwa adabu, "tusamehe. Mimi bado niko mtoni. Maji yananifika magotini."

"Na mimi," akasema Belinda. "Hata sijavua viatu."

Chediel alitazama ukurasa, kisha nyuso zile. Akavua miwani.

"Asnath, njoo uwavushe hawa," alisema. "Nimewaacha."

Akasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Asnath aliketi karibu naye, akarudisha kidole mwanzo wa sura. Alipofika kwenye neno "mto" alitua, na baraza zima likatulia, miguu ikitafuta mawe chini ya maji.